"Nitaanza kesho" imenichosha: tabia ndogo zinazohimili foleni na umeme kukatika zinajengwaje?

Mkazi wa Mbezi aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba mambo ya utekelezaji. Hamasa nimeshiba. Kazi iko Posta, makazi Mbezi. Kutoka ofisini ni saa 11 jioni, kufika nyumbani ni popote kati ya saa 12 na nusu na saa 3 usiku, kutegemea foleni imeamkaje. Vitu viwili vinaahirishwa kila siku.

Cha kwanza ni kusoma kwa ajili ya mtihani wa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) wa Novemba. Zimebaki wiki 20 hivi. Ratiba imebandikwa ukutani: saa 2 hadi saa 4 usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Haijawahi kumaliza wiki.

Cha pili ni hesabu za duka dogo la vipodozi lililopo mbele ya nyumba, anauza mdogo wangu. Daftari linajazwa Jumapili kwa kukumbuka-kumbuka, na halijawahi kulingana na fedha iliyomo kwenye droo.

Kila mtu anasema "anza na kitu kidogo". Kidogo kiasi gani? Unakifunga kwenye nini wakati saa ya kufika nyumbani haijulikani? Kinakua lini? Anayejua kwa vipimo anisaidie.

---

Nanga ya Jahazi alijibu:

Mkuu, bandua hiyo ratiba ya ukutani leo hii. "Saa 2 usiku" ni saa, na jiji hili haliheshimu saa. Siku ukifika saa 2 na dakika 40, ratiba imeshakufa kabla hujavua viatu. Hapo akili inatoa hukumu moja tu: leo imeharibika, kesho nitaanza vizuri. Halafu kesho Ubungo inajaa tena.

Funga tabia kwenye tukio, siyo kwenye saa. Tukio linalofaa, tuliite nanga, lina sifa nne: linatokea kila siku bila kukosa, mwisho wake unaonekana kwa macho, linatokea karibu na pale utakapofanyia jambo jipya, na halifuatiwi mara moja na kitu kitamu zaidi. Hiyo ya nne ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo inayoua tabia nyingi.

Tupime matukio ya jioni ya mtu wa kawaida hapa Dar. Adhana ya Magharibi ni nanga nzuri ajabu kwa anayeshinda nyumbani. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linatangulia au linachelewa kuzama kwa nusu saa na ushee tu. Lakini wewe itakukuta Barabara ya Morogoro umening'inia kwenye bomba. Haikufai. Kumaliza kula ni nanga dhaifu: sahani inakaa, taarifa ya habari inaanza, mtu anaegemea kochi, na huwezi kusema chakula kimeisha dakika ipi. Kuweka simu kwenye chaji ni mbaya kabisa, maana mkono umeshaishika simu yenyewe.

Kuoga ndiyo nanga yako. Kwa joto hili na jasho la gari, hakuna anayelala bila kuoga. Hata bomba likikauka, ndoo ipo. Mwisho wake unaonekana: taulo limeanikwa. Basi sentensi yako ni hii, iandike kama ilivyo: "Nikishaanika taulo, nakaa mezani naandika mstari mmoja wa jibu." Usipunguze chochote humo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, ndiye aliyechambua sana mipango ya namna hii, ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na uchambuzi aliouchapisha na Paschal Sheeran mwaka 2006 ulikusanya majaribio 94. Mpango wenye tukio na tendo ulishinda nia tupu ya "nimeamua kusoma zaidi". Sababu ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanyika tangu mchana. Usiku, ukiwa umechoka, kinachobaki ni kutambua taulo.

Sasa "kidogo kiasi gani". Kipimo cha kwanza: kisizidi dakika 2. Cha pili, muhimu zaidi: fikiria siku mbaya kuliko zote. Mvua imenyesha, umefika saa 3 na nusu, umeme hakuna, kichwa kinagonga. Utakifanya? Ukisita kujibu, kigawe nusu. Ukisita tena, gawa tena.

Na usiseme "nitasoma ukurasa mmoja". Kusoma hakuna kipimo, macho yanapita juu ya maneno huku akili iko kwenye kikundi cha WhatsApp. Chagua tendo linaloacha alama kwenye karatasi. Kwa mtihani kama wako: chukua swali moja la mtihani uliopita, andika namba yake, kisha kwa maneno yako andika linataka nini. "Swali la 3(b): wanataka thamani ya bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka." Basi. Ukitaka kuendelea, endelea. Ukitaka kuinuka, inuka, siku imehesabiwa.

Jambo la mwisho, ambalo linaonekana dogo kuliko yote. Hesabu hatua kati ya taulo na neno la kwanza. Kwa kawaida ni hivi: kutafuta begi, kutoa kitabu, kusogeza vyombo mezani, kutafuta kalamu, kuwasha simu kuona PDF. Hatua tano, na kila moja ni mahali pa kutorokea. Zibaki moja, kukaa. Asubuhi kabla ya kutoka, maswali yawe yamefunguliwa mezani (yamechapishwa, siyo kwenye simu), kalamu iko juu yake bila kifuniko, kikokotoo pembeni.

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni namna ya kukimbia hisia mbaya inayoletwa na kazi, uchovu au woga wa kushindwa, kwa kununua nafuu ya sasa hivi. Ndiyo maana kujitukana "mvivu wewe" kunazidisha tatizo: unaongeza hisia mbaya juu ya ileile uliyokuwa unaikimbia.

---

Daftari Jeusi alijibu:

Nakazia ya hapo juu. Ngoja niende kwenye duka, maana hilo la pili lina kosa la aina nyingine: anayetakiwa kuandika siye anayeuza. Wewe uko Posta, fedha iko Mbezi. Tabia hii mpe mdogo wako. Yako wewe iwe kuangalia namba moja tu ukifika.

Nanga yake ni kushusha grili ya duka. Kabla kufuli halijafungwa, droo inahesabiwa. Daftari likae ndani ya droo, chini ya noti, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Ukiliweka kwenye rafu litahama, litakuwa la kufungia vitumbua.

Wiki ya kwanza anaandika namba moja tu: fedha taslimu iliyopo. Hakuna mauzo, hakuna madeni, hakuna bidhaa. Ahesabu noti kuanzia kubwa kushuka, za 10,000, 5,000, 2,000, 1,000, halafu sarafu mwishoni. Dakika mbili hazifiki. Wengi hukosea kwa kutaka safu nane siku ya kwanza. Siku ya nne safu tatu ziko wazi, siku ya sita daftari zima liko wazi.

Wiki ya pili ongeza chenji ya asubuhi. Ya tatu, fedha zote zilizotoka kwenye droo. Ya nne, zilizoingia kwa lipa namba. Hapo tayari una mauzo yote yaliyolipwa bila kuandika bidhaa moja moja. Tazama:

Chenji ya asubuhi 30,000. Fedha ya kufungia 118,500. Zilizotoka: LUKU 4,000, chakula 3,500, na kaka mtu kachukua 20,000. Mauzo taslimu ni 118,500 + 7,500 + 20,000 − 30,000, yaani 116,000. Lipa namba 42,000. Jumla ya siku 158,000.

Angalizo: kama mauzo ya mkopo mnayaandika siku ya kukopesha, mteja aliyelipa deni la wiki iliyopita yumo ndani ya hiyo 116,000, ila siyo mauzo ya leo. Liandikwe pembeni na litolewe. Ukilisahau, bidhaa moja itaonekana imeuzwa mara mbili: siku ya kukopeshwa na siku ya kulipwa.

Panapovuja siku zote ni kwenye zilizotoka. Mtu anachukua 2,000 ya nyanya, "nitaandika baadaye". Dawa yake haina mjadala: fedha ikitoka, kikaratasi kinaingia. Kata makaratasi madogo, yaweke ndani ya droo upande wa sarafu. Andika kiasi na herufi moja, C ya chakula, U ya umeme, M ya mwenyewe. Jioni vikaratasi vinajumlishwa, vinachanwa. Hii inamhusu na mwenye duka, tena yeye kwanza. Bosi akichota bila kikaratasi, ndani ya siku tatu muuzaji naye ataacha.

Tofauti ya 500 au 1,000 msiitafute. Andika "pungufu 500" mlale. Kuitafuta kwa nusu saa ndiko kunakofanya kesho yake mtu akimbie daftari. Ikijirudia siku tatu mfululizo kwa kiasi kinachofanana, hapo kaeni mzungumze. Na kama duka lina mashine ya EFD (ya risiti za kodi), ripoti ya Z ya kufungia siku ibanwe kwenye ukurasa huohuo wa daftari, isikae kwenye kopo.

---

Abiria wa Kimara alijibu:

Mbona hakuna aliyegusa safari yenyewe? Posta hadi Mbezi, kwenda na kurudi, ni saa mbili au zaidi kila siku. Hizo ndizo zinapotea kwanza.

Ila msidanganyane kwamba mtu atasoma kitabu ndani ya mwendokasi ya saa 11 jioni. Mkono mmoja uko kwenye bomba, mwingine unalinda mfuko. Kinachowezekana ni kitu cha mkono mmoja kinachoingia mfuko wa shati: kadi.

Nunua karatasi ngumu za manila za A4 kwenye duka la stesheneri. Kunja katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo. Unapata kadi 8, kila moja karibu sentimita 7.4 kwa 10.5. Karatasi mbili ni kadi 16, na kwa wiki moja zinatosha. Mbele swali moja, nyuma jibu lisilozidi mistari mitatu. Siyo "eleza uchakavu wa mali", bali "njia ya mstari ulionyooka, kanuni yake?" Kadi yenye majibu matano ndani yake ni kitabu kilichokatwa. Utaikwepa kama ulivyokwepa kitabu.

Nanga: mlango wa basi ukifungwa, toa kadi moja. Tendo dogo ni kadi moja tu, kujibu kimoyomoyo kabla ya kugeuza. Kugeuza kabla ya kujibu ndiko kunakoharibu kila kitu, maana ukiona jibu unadhani ulilijua.

Nyumbani weka bahasha tatu: ya kila siku, ya kila siku ya tatu, ya kila wiki. Kadi uliyojibu sawa inasogea bahasha inayofuata. Uliyokosa inarudi ya kwanza bila huruma, hata kama ilikuwa imefika ya tatu. Kwa hiyo mfukoni hutembei na mzigo, kadi 10 au 12 basi.

Mtu atasema simu ina programu za kadi. Ni kweli, na ni nzuri. Lakini ukiifungua simu barabarani kuna mambo mawili: ujumbe unaingia, na wezi wanaona. Kama ni lazima simu, jirekodi ukisoma swali, nyamaza sekunde 10, soma jibu. Maswali 12 ni kama dakika 6 za sauti. Weka kipokea sauti sikio moja, simu ibaki mfukoni. Pakua au rekodi ukiwa nyumbani, usitegemee bando katikati ya safari.

---

Bi Mkubwa Hakopeshi alijibu:

Yote mazuri, lakini naona mnampeleka kijana kwenye usingizi mtamu. Tufanye hesabu. Dakika 10 kwa siku, siku 5, wiki 20, ni dakika 1,000. Saa 16 na dakika 40. Kwa saa hizo hafaulu mtu mtihani wa bodi. Tabia ndogo inakufikisha mezani tu, kufaulu kunataka saa nyingi za kukaa hapo. Nimesema.

Kwa hiyo zinahitajika tabaka mbili, na zisichanganywe.

Ya chini ni hicho kima cha chini cha Nanga, mstari mmoja kila siku. Kima hiki hakipandi kamwe. Wengi huvurunda hapa: wiki ya pili wanajisikia vizuri, wanasema "sasa kima ni kurasa tano". Siku ya mvua ikifika, kurasa tano hazifanyiki, na pale chini hamna tena pa kuangukia. Kinachopanda ni cha juu yake, ile ziada unayofanya ukiwa na nguvu.

Ya juu ni Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na kabla ya simu za "tupo harusini". Hapo tumia mizunguko ya Francesco Cirillo, yule Mwitaliano: dakika 25 kazi, dakika 5 mapumziko. Mizunguko minne, pumzika nusu saa, halafu mingine minne. Hiyo ni dakika 200 za kazi halisi, ndani ya saa nne na kitu. Kwa wiki 20 ni dakika 4,000, karibu saa 67. Sasa tunaanza kuongea lugha moja na mtihani. Ukiongeza Jumapili nusu yake, unafika saa 100.

Mapumziko ya dakika 5 yasiwe ya simu. Inuka, kunywa maji, anua nguo kwenye kamba. Dakika 5 za TikTok ni 40, kila mtu anajua.

Kuna njia nyingine ambayo wa Mbezi wengi hawaitumii vizuri. Ukitoka nyumbani saa 11 alfajiri badala ya saa 12 na nusu, unaikwepa foleni na unakaa mezani ofisini mapema, jengo kimya, kiyoyozi kinafanya kazi. Nanga: kabla ya kuwasha kompyuta. Ikishawaka umeshakuwa mali ya bosi. Mzunguko mmoja wa dakika 25 hapo, siku 5, ni saa mbili na dakika 5 kwa wiki, na akili ni mbichi. Ila ukifanya hivi, usiku lala. Huwezi kuamka saa 10 alfajiri na kusoma hadi saa 5 usiku. Mtu asiyelala huahirisha kila kitu hata awe na bahasha kumi za kadi.

Halafu lile la "siku 21 tabia inakuwa yako", likija humu mlikatae. Chanzo chake ni daktari mmoja wa upasuaji wa sura Marekani, mwaka 1960, aliyekuwa akizungumzia muda wa wagonjwa kuzoea sura mpya. Na alisema angalau siku 21. Watu wakaila ile "angalau". Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2009, ulifuata watu 96 kwa siku 84. Wastani wa kufikia hali ya kufanya jambo bila kujisukuma ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu kubwa mno: kutoka 18 hadi 254. Hiyo 254 ni makadirio ya hesabu, maana utafiti wenyewe haukufika huko. Na kunywa maji kulizoeleka haraka kuliko mazoezi ya mwili. Kwa hiyo mstari mmoja wa jibu unaweza kuzoeleka upesi, ila dakika 25 za alfajiri usizidai majibu kabla ya miezi miwili.

Na siyo kila jambo ni tabia. Kujisajili mtihani, kulipia, kutafuta vyeti, hizo ni kazi za mara moja. Hazihitaji nanga ya kila siku. Andika tendo linalofuata la mikono ("kupiga picha cheti, kutuma kwenye baruapepe yangu"), lipe siku, lipe mtu atakayekuuliza. Watu wanajenga tabia nzuri ya kusoma halafu dirisha la usajili linafungwa.

---

Mkazi wa Mbezi alijibu:

Nashukuru sana wakuu, na Bi Mkubwa nimekuelewa. Maswali matatu mafupi. Siku ikikosekana, inalipwa kesho yake? Umeme ukikatika, feni haipo, mbu wanakula miguu, mtu anakaaje mezani? Na simu, nikiiweka kimya inatosha?

---

Nanga ya Jahazi alijibu:

Hailipwi. Huo utafiti wa London uliona kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kinachoharibu ni kulipa deni. Ukijiambia "kesho mistari miwili", kesho imekuwa nzito kuliko leo, keshokutwa ni mitatu, na siku ya nne unakimbia deni ulilojikopesha mwenyewe. Siku mpya ina mstari mmoja, hata kama jana, juzi na wiki nzima hukufanya.

Ila kukosa kuandikwe. Weka kalenda ya ukutani, zile za duka la dawa au kampuni ya bima zinatosha. Siku uliyofanya piga alama ya vema. Uliyokosa usiache tupu, andika neno moja la sababu: foleni, mgeni, njaa, simu, usingizi. Usiandike maelezo. Baada ya siku 14 hesabu maneno. Neno likitokea mara tatu, tatizo ni mpangilio. Ikiwa ni "njaa", maana yake unatoka kuoga, unapita jikoni, unakula, unalala. Basi meza ya kusomea ihamie kati ya bafu na jiko, au sogeza nanga iwe kuvua viatu. Ikiwa ni "usingizi", nanga ya usiku haikufai, hamia ile ya Bi Mkubwa ya kabla ya kompyuta. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, halafu subiri siku 14 nyingine. Ukibadilisha nanga, tendo na meza siku moja, hutajua kipi kilisaidia.

Umeme: nunua taa ya kuchaji, ikae palepale mezani, isiazimwe kwenda jikoni. Ichajiwe siku maalumu, tuseme ukitoka kanisani Jumapili au ukirudi Ijumaa msikitini, si "ikiisha". Ikiisha itaisha gizani.

Mbu usiwadharau. Mtu anakaa, dakika ya nne ameinuka kujikuna, ya tano yuko kitandani ndani ya neti. Akiulizwa atasema hana nidhamu, kumbe ni vifundo vya miguu. Chini ya meza ni giza na hewa haitembei, ndipo wanapojificha. Soksi ndefu, au dawa ya kupaka, na iwe juu ya meza pamoja na kalamu, kama sehemu ya vifaa. Usihamishie kusoma kitandani ndani ya neti. Kitanda kimeshafundishwa kazi nyingine na hakitabadilika kwa ajili ya NBAA.

Simu kimya haitoshi, mkono unaifuata hata bila mlio. Iweke chumba kingine kwenye chaji kabla ya kuingia kuoga, siyo baada. Ukitoka na taulo, simu iko sebuleni, kalamu iko mezani, na karibu ni kalamu. Dakika za mizunguko zipime kwa saa ya ukutani au ya mkononi.

Na ukimaliza mstari mmoja, sema "tayari" kwa sauti, halafu piga vema kwenye kalenda hapohapo. BJ Fogg wa Chuo Kikuu cha Stanford anasisitiza sana hiki kipande: furaha ndogo ije papo hapo, sekunde chache baada ya tendo. Ahadi ya chipsi kuku Jumamosi iko mbali mno kuufundisha mwili kitu Jumanne.

---

Daftari Jeusi alijibu:

Kwa upande wa duka ni vilevile. Siku ambayo droo haikuhesabiwa, msibuni namba. Pigeni mstari, kesho asubuhi hesabuni kilichopo, hicho ndicho chenji ya kuanzia. Namba ya kubuni itawasumbua mwezi mzima, mstari mtupu unasumbua siku moja.

Na mdogo wako asiulizwe "umejaza daftari?" Hilo ni swali la polisi. Uliza "leo tumefunga na ngapi?" Hawezi kulijibu bila kuhesabu.

---

Mkazi wa Mbezi alijibu:

Imeeleweka, mkuu. Abiria, kadi zitadumu mfukoni kweli na hili jasho?

---

Abiria wa Kimara alijibu:

Wino wa jeli hapana, utachuruzika siku ya kwanza na shati litakuwa na kanuni ya uchakavu. Tumia Bic ya kawaida, bluu au nyeusi. Toboa kila kadi kwenye kona ya juu kushoto, tundu liwe sentimita moja kutoka ukingoni ili lisichanike, zipitishe kwenye pete ya funguo. Pete inakuruhusu kugeuza kwa kidole gumba cha mkono huohuo mmoja, na basi likifunga breki Shekilango kadi hazitawanyiki. Raba usitumie, inakata kingo na joto linaifanya inate. Kipindi cha mvua weka kwenye kifuko cha plastiki chenye zipu, kile cha kuwekea kitambulisho. Anza na kadi nne, siyo kumi na sita.